Namna ya Kutambua Umri wa Nyumba Kongwe ya Mawe Mashambani Uingereza
Anza darini, si mlangoni, kwa sababu ukuta wa mbele ulibadilishwa mara nyingi kufuata mtindo wa wakati, ilhali mbao za paa ziliachwa zilivyo. Ukikuta boriti zilizokolea masizi, huenda nyumba ilijengwa kabla ya kuwa na dohani, enzi ambazo moto ulikokwa katikati ya ukumbi na moshi ukapenya paani. Hii ndiyo alama ninayoithamini kuliko zote, na kuyasugua masizi hayo ili mbao zing'ae ni kufuta ushahidi usiorudi.

Kisha tazama madirisha. Yaliyogawanywa kwa nguzo nyembamba za mawe ni ya kawaida katika nyumba za karne ya 16 na ya 17 za Cotswolds, eneo la vilima kusini-magharibi mwa Uingereza. Yaliyozibwa yanaweza kuhusiana na kodi ya madirisha iliyotozwa kwa idadi ya madirisha ya nyumba kuanzia 1696 hadi 1851, ingawa mengine yalizibwa kwa sababu tofauti kabisa.

Chunguza pia viungo vya mawe: saruji iliyojazwa mahali pa chokaa huzuia unyevu kutoka, na mawe laini humeguka. Kabla ya kurekebisha chochote, angalia orodha ya majengo yanayolindwa kisheria inayotunzwa na Historic England, taasisi ya umma ya urithi wa kihistoria, kwani kubadilisha sura ya jengo lililoorodheshwa bila idhini ni kosa la jinai.