Skolashipu ya masta: kabla ya fomu, tafuta wa kukuandikia barua

Vijana wanaonijia hapa Tanga kuuliza skolashipu, wengi huwa wameshafungua fomu kwenye simu. Nawaomba waifunge kwanza. Kujaza fomu ni kazi ya siku moja, lakini barua ya mwalimu ya kukupendekeza ndiyo inayowakwamisha watu.

Mhadhiri aliyekufundisha ukumbi mzima hakukumbuki. Mrudie aliyesimamia utafiti wako wa mwaka wa mwisho, hata kama hana cheo kikubwa. Barua yake ikitaja jambo moja alilokuona ukilifanya, inaishinda ya profesa anayesema una nidhamu nzuri. Mwombe miezi miwili kabla, umpelekee transkripti (orodha ya alama zako za chuo), sivii (wasifu wako) na ukurasa mmoja wa kumkumbusha kazi zako. Kisha mkumbushe: "Shikamoo mwalimu, tarehe inakaribia." Usione haya, ana mitihani ya kusahihisha.

Usiombe kila unachokiona. Kama una miaka miwili kazini, tazama Chevening ya Uingereza. Wao miaka hiyo huihesabu kuwa saa 2,800 za kazi, na kazi za kujitolea zimo. Unasoma masta ya mwaka mmoja, kisha sharti urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. DAAD ya Ujerumani, kwenye kozi zake za maendeleo, nayo hutaka miaka miwili ya kazi na shahada ambayo kwa kawaida haijapita miaka sita. Njia hiyo ndiyo iliyonipeleka Bremen kusomea bahari. Aliyemaliza chuo juzi namwelekeza Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya: unasoma nchi mbili au zaidi, na maombi unayatuma moja kwa moja kwenye kozi.

Sasa insha ya maombi, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Kijana mmoja wa Mkinga aliniletea ukurasa unaoanza, "Mimi ni kiongozi mwenye maono na shauku ya kuleta mabadiliko." Nikamuuliza, umemwongoza nani? Akacheka. Tukaongea, ndipo ikatoka kwamba akina mama wa kijijini kwao walikuwa wakianika mwani mchangani, mnunuzi anaukuta na mchanga, anawapunja bei. Yeye aliwashawishi wajenge chanja za miti. Wazee wawili walikataa kata kata, akaanza na chanja ya shangazi yake, wengine wakafuata walipoona mwani wake umekauka safi. Basi, huo ndio uongozi! Tulifuta maono yote, tukaandika chanja, wazee waliokataa, na shangazi. Halafu tukaongeza anachokikosa: hajui kupima joto la maji linavyoua mwani aina ya cottonii, na kozi fulani inafundisha hilo. Msomaji wa insha akifika hapo, hana haja ya kuuliza kwa nini unataka kusoma.

Usimpe mtu mwingine akuandikie, wala kompyuta. Ukiitwa kwenye usaili utaulizwa habari za chanja, na ambaye hakuzijenga hujulikana mara moja.

Vyeti ni mambo ya kawaida: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, pasipoti ya laki na nusu. Shughulikia mapema, maana jina likitofautiana herufi moja kati ya cheti cha kidato cha nne na cha kuzaliwa, utazunguka maofisini. Matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usiukimbilie mtihani kabla hujajua chuo chako kinautaka. Vipo vinavyokubali barua ya chuo kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza.

Na wakala anayekuomba pesa ili "akupitishie" Chevening au DAAD, mwambie hapana. Kuomba ni bure.

Tazama pia saa ya mwisho. Wakiandika 12:00 UTC, yaani saa za kimataifa, kwetu ni saa tisa alasiri, si saa kumi na mbili jioni. Tuma siku mbili kabla, kwa sababu mtandao wa siku ya mwisho huwa mzito na umeme wetu unaujua.