Jinsi ya kupima programu yako kwa watu watano, chini ya mkorosho

Mzee mmoja wa Tandahimba alifika kwenye mnada wa korosho saa kumi jioni akakuta watu wameshatawanyika. Simu yake ilimwambia mnada ni 10:00. Programu iliyomwambia hivyo niliitengeneza mimi. Na wiki chache kabla nilikuwa nimemwonyesha yeye mwenyewe ile skrini barazani kwake, nikamuuliza, "Mzee, unaionaje?" Akanijibu, "Nzuri sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Hakunidanganya. Ilikuwa adabu. Kijana ametoka Masasi na pikipiki, kaja mpaka kwako, kakuamkia, halafu anakuuliza kazi ya mikono yake ikoje. Utamwambia mbaya? Tangu siku ile sijamuuliza mtu kama programu ni nzuri. Nampa kazi ya kufanya, nanyamaza, natazama vidole vyake.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetengeneza programu ya simu Mtwara au Lindi na hana maabara wala fungu la utafiti. Utahitaji siku mbili, simu moja, manila, kalamu ya wino mzito, daftari na nauli. Mifano yangu ni ya korosho kwa sababu ndiyo kazi ninayoifanya, lakini ukiwa na programu ya zahanati au ya wavuvi wa Kilwa hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Andika swali moja

"Je, programu ni rahisi?" si swali la kupimika. Swali langu lilikuwa hili: mkulima anaweza kuona mwenyewe kilo zake zilizopokelewa na makato aliyokatwa, bila kumwita katibu wa chama cha msingi? Liandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Ukijikuta unauliza kitu kisichohusu swali hilo, kiache kwa safari nyingine.

Hatua ya 2: Geuza swali liwe kazi

Kazi iwe kisa kifupi kinachofanana na maisha ya mtu. "Jana ulipeleka magunia mawili chamani. Unataka kujua yameandikwa kilo ngapi. Simu hii hapa." Basi. Kazi tatu zinatosha, na ya kwanza iwe nyepesi ili woga utoke.

Angalia sana maneno yako. Kama kitufe kimeandikwa "Angalia mizigo", usiseme "angalia mizigo yako", maana mtu atatafuta neno alilolisikia na atalipata hata kama hajaelewa kitu. Tarakimu nazo ziwe za kubuni lakini za kuaminika: kilo 87, kilo 164. Usitumie akaunti yake halisi. Mtu akiona fedha yake mwenyewe kwenye skrini, jaribio limekwisha na mazungumzo ya malipo yameanza.

Hatua ya 3: Watano, lakini watano gani?

Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walichapisha hesabu inayotumika mpaka leo. Katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja kwa wastani aliibua kama asilimia 31 ya matatizo ya kiolesura, yaani skrini na vitufe anavyovitumia mtu. Ukiendeleza hesabu hiyo, wawili wanakufikisha kwenye asilimia 52 hivi, na watano kwenye 84. Wa sita na wa saba wengi wao watakwama palepale walipokwama wenzao, kwa hiyo ni afadhali urekebishe kwanza, kisha utafute watano wengine.

Hesabu hiyo inasimama iwapo watano hao wanafanana na wanafanya kazi zilezile. Hapa kwetu ndipo watu wanapokosea. Mkulima, katibu wa chama na mjukuu anayeshika simu ni watumiaji wa aina tatu. Laini ni ya babu, anayesoma ujumbe ni mjukuu, anayeamua ni bibi. Kwa hiyo unapowatafuta washiriki, uliza swali moja kabla ya umri na elimu: "Ujumbe ukiingia kwenye simu yako, nani anausoma?" Ukiambiwa ni mjukuu, waalike wote wawili.

Usimwachie mwenyekiti wa kijiji akuchagulie wote. Kwa nia njema kabisa atakuletea wanaojua kusoma vizuri na kuongea vizuri. Mwombe wawili, waliobaki watafute mwenyewe kisimani, gengeni, kwa wakala wa pesa.

Hatua ya 4: Anza na skrini za karatasi

Kata manila kwa ukubwa wa simu. Kila skrini karatasi yake, vitufe umevichora kwa mkono. Mshiriki anabonyeza kwa kidole, wewe unabadilisha karatasi, yaani wewe ndiye kompyuta. Kitu kinachong'aa watu huogopa kukiharibu na huona aibu kukikosoa. Karatasi iliyochorwa kwa kalamu haimtishi mtu, na ukigundua kosa unalifuta palepale.

Karatasi ndizo zilizonifundisha maneno. Nilikuwa nimeandika "Nywila" na hakuna hata mmoja aliyeijua. Nilipobadilisha nikaandika "Namba ya siri" wote wakaelewa, kwa sababu huduma za pesa kwa simu zimeshawazoeza. Kitufe cha "Hifadhi" kilimsimamisha mtu wa Liwale, kwani kwake hifadhi ni Selous, tembo wanakotoka. "Salio" nililolikusudia kilo zilizobaki ghalani, watu walidhani ni vocha. Siku hizi naandika "Kilo zako" na "Fedha uliyolipwa". Kamusi nzuri ya kiolesura utaipata mdomoni mwa anayekitumia.

Hatua ya 5: Ruhusa na majira

Pita kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na barua, kisha kwa mwenyekiti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo mweleze kila mshiriki unachukua nini, kwa kazi gani, na kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati. Mimi siandiki majina, naandika M1, M2, mpaka M5. Sipigi picha za nyuso, napiga za mikono ikiwa kwenye simu.

Usiende wakati wa mavuno, kuanzia Oktoba, ukitaka mtu akae nawe saa nzima mchana. Nenda Agosti au Septemba, jioni, ili ubaki na muda wa kurekebisha kabla magunia hayajaanza kutembea.

Hatua ya 6: Kikao chenyewe

Hapa ndipo penye kazi. Fika, amkia, kaa, ongea habari za nyumbani na za mikorosho. Dakika kumi za kwanza simu ibaki mfukoni. Kisha kaa ubavuni kwa mshiriki, si mbele yake kama mtahini.

Kaeni pale ambapo simu hutumika kweli. Mara nyingi ni nje, mchana, mwanga wa skrini umepunguzwa ili chaji ifike kesho. Maandishi yangu ya kijivu yaliyopendeza ofisini yalipotea kabisa kwenye jua. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kwa jua letu usitosheke na hapo: weka nyeusi juu ya nyeupe.

Maneno ya kufungulia ninayotumia ni haya: "Mama, leo hatukupimi wewe. Tunaipima hii programu. Ukikwama, kosa ni letu tulioitengeneza, na ukituonyesha ulipokwama utakuwa umetusaidia." Kama una mwenzako, yeye ndiye aongoze, wewe uliyetengeneza ukae nyuma uandike. Watu wakijua mwenye kazi ni nani, watamhurumia.

Njia inayotumika sana duniani ni kumwomba mtu aseme kwa sauti kila anachowaza huku akitumia programu. Clayton Lewis wa IBM aliieleza kwa ajili ya kupima violesura mwaka 1982. Nimeijaribu Newala na Ruangwa, na kwa vijana inakwenda. Kwa mtu mzima ni taabu, maana kuongea peke yako mbele ya mgeni ni jambo la kushangaza watu. Nikaacha kulazimisha. Siku hizi nawakalisha wawili, majirani au mtu na wifi yake, nawapa simu moja. Wenyewe wataongea. Sikiliza walivyoanza mama wawili wa Newala, na kazi ilikuwa kutafuta kilo:

"Bonyeza hapo."

"Wapi?"

"Hapo penye mizani."

"Hiyo si mizani ya mahakamani? Hapo usiguse, hapo pana kesi."

Hawakugusa. Nilikuwa nimechora mizani ya sahani mbili, ile ambayo mtu huiona kwenye nembo ya mahakama. Mizani wanayoijua wao ni ile inayosimama chini gunia likawekwa juu yake. Ningewauliza kama wanaipenda ile picha wangesema ndiyo. Ule woga nisingeupata kwa swali lolote, niliupata kwa kuwaacha wazungumze.

Mtu akikwama, usimsaidie. Hesabu kimoyomoyo mpaka 20. Kimya hicho kitakuuma, vumilia. Akikugeukia na kuuliza, "Nibonyeze hapa?", mrudishie kwa upole: "Ungekuwa peke yako nyumbani, ungefanyaje?" Akikata tamaa kabisa, msaidie, lakini andika kwamba alisaidiwa. Mjukuu akimpokonya bibi simu, usimfukuze. Andika ni kwenye skrini ipi alipoipokonya. Hapo ndipo skrini yako ilipomshinda bibi, na hata ukiondoka ndivyo itakavyokuwa.

Tazama vidole. Kina mama wanaobangua korosho kwa mikono wanaungua na mafuta ya ganda, ngozi inababuka na kuwa ngumu. Nimeona simu ikikataa alama ya kidole cha mama mmoja mara nne mfululizo, na kila mara alikipangusa kwenye khanga akijilaumu mwenyewe. Kwa hiyo alama ya kidole isiwe njia pekee ya kuingia, weka na namba ya siri. Na vitufe viwe vikubwa: mwongozo wa Android unapendekeza kitufe kisipungue vipimo 48 vya skrini (dp) kila upande, sawa na milimita 9 hivi. Mimi navizidisha, na kati ya kimoja na kingine naacha nafasi.

Hatua ya 7: Kuandika

Gawa ukurasa safu tatu: alichofanya, alichosema, ninachodhani mimi. Usichanganye. "Alibonyeza Rudi mara tatu" ni jambo lililotokea. "Alichanganyikiwa" ni dhana yako, ikae kwenye safu yake.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 kinataka uangalie mambo matatu: mtu amefanikiwa, ametumia kiasi gani cha muda na jitihada, na ameridhika. La kwanza naliandika kwa herufi: P kwa aliyefanya peke yake, S kwa aliyesaidiwa, H kwa aliyeshindwa. Muda naupima, ingawa kwa watu watano usijenge hoja juu ya sekunde.

Kuridhika kuna dodoso maarufu la John Brooke la mwaka 1986, linaloitwa SUS. Lina sentensi 10, na kila moja mtu anachagua namba kuanzia 1, sikubaliani kabisa, mpaka 5, nakubaliana kabisa. Kwenye sentensi za namba witiri unatoa 1 katika jibu, kwenye za shufwa unatoa jibu katika 5, unajumlisha zote, unazidisha kwa 2.5. Unapata alama kati ya 0 na 100, na wastani unaotajwa sana ni 68. Nalitumia kwa makatibu wa vyama. Kwa wazee nimeliacha, kwa sababu sentensi zake nusu zinasifu na nusu zinalaumu, na mtu anayetaka kukupa heshima atakubaliana na zote. Badala yake nauliza: "Ukitaka kumfundisha jirani yako, utaanzia wapi?" Pale anapoanza kusitasita katika kufundisha, ndipo penye kazi yangu.

Hatua ya 8: Usiku uleule

Usilale kabla hujapitia daftari. Kila tatizo liandike kwenye kikaratasi chake, kisha panga kwa madhara: linalompotezea mtu fedha au siku liwe juu, lisilopendeza macho liwe chini. Chukua matatu ya juu, rekebisha hayo tu.

Kwangu la kwanza lilikuwa saa. Simu inahesabu siku kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia asubuhi, na 10:00 ya simu ni saa 4 asubuhi ya mkulima. Niliondoa zile nukta mbili, nikaandika "Jumatano, saa 4 asubuhi".

Kisha rudi. Niliirudisha karatasi mpya Tandahimba kwa yule mzee, na safari hii sikumuuliza anaionaje. Nilimwambia, "Mzee, unataka kwenda mnadani. Utaondoka lini?" Akafuata maandishi kwa kidole, polepole. "Jumatano. Saa nne asubuhi, kwa hiyo hapa niondoke saa mbili." Akaendelea kuitazama. "Sasa mnada wenyewe uko kijiji gani?"

Skrini yangu haikuwa imesema. Nikafungua daftari, nikaandika.