Kuonyesha filamu ya kutisha kabla haijatoka: jinsi ya kuwasoma watazamaji wako Nairobi

Filamu ya kutisha ya bajeti ndogo kuhusu familia yenye misukosuko huwa na nyumba moja, waigizaji wanne au watano, na kitu kisichoonekana vizuri kwenye korido. Ikishatoka, pesa ya kuirudia haipo. Onyesho la majaribio ndiyo nafasi ya mwisho ya kuirekebisha, na wengi huipoteza: wanaalika marafiki, wanapigiwa makofi, wanarudi nyumbani bila kujua lolote.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Mtazamaji hakosei kuhusu mahali alipochoka, alipocheka au aliposhtuka. Hukosea sana kuhusu sababu. Akisema "hilo jini halitishi", mara nyingi kosa liko dakika 20 nyuma, mezani, pale baba na mama walipogombana na yeye hakuamini kwamba hao ni mtu na mkewe. Hakuna anayewaogopea watu ambao hajawaamini. Kwa hiyo unaijaribu familia kwanza, jini baadaye.

Watu na siku

Alika watu 12 hadi 15 kwa onyesho moja, na ufanye maonyesho matatu yenye watu tofauti. Usimwalike aliyefanya kazi kwenye filamu, jamaa zake, wala mtu anayetafuta kazi kwako. Wote wawe na miaka 18 au zaidi. Nusu wawe wapenzi wa filamu za kutisha na nusu wasiwe, kwa sababu wapenzi wameshazoea kila mbinu na watakusamehe mambo ambayo wengine hawatayasamehe. Changanya mitaa pia. Mtu anayeishi ghorofa la Pipeline au Umoja, ambako jirani akikohoa unasikia, ataitazama nyumba yako tofauti na mtu wa Karen mwenye ua na geti.

Jumamosi saa 8 mchana ndio wakati mzuri. Ukianza saa 1 jioni, watu wataanza kuinuka dakika za mwisho kwa kuwaza matatu na nauli iliyopanda, nawe utadhani mwisho wa filamu ni mbovu. Nauli ya kwenda na kurudi itume kwa M-Pesa kabla filamu haijaanza, ili anayetaka kutoka katikati atoke bila kuhisi amekosa chake.

Usiuze tiketi wala usitangaze hadharani. Onyesho la umma linahitaji filamu iwe imeshapitiwa na Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya (KFCB) na kupewa daraja lake: GE, PG, 16 au 18. Hili lako liwe la mwaliko, kwa majina.

Katika mwaliko taja wazi yaliyomo: kupigwa ndani ya nyumba, ulevi, mtoto kuumizwa, kujiua, chochote kilichopo. Kufanya hivyo hakuharibu hofu, maana hujasema kitatokea lini. Kutotaja ni kumtega mtu aliyekulia nyumba kama hiyo. Mlangoni akae mtu mpole mwenye maji ya kunywa, na kwenye kila fomu iandikwe namba 1195 ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia na 116 ya watoto.

Chumba

Tafuta ukumbi mdogo wenye dari, usiwe wa mabati matupu. Mvua ya Machi hadi Mei au ya Oktoba hadi Desemba ikianza kunyesha juu ya mabati, minong'ono yote ya filamu imekwisha, na fomu zitajaa "sikuelewa". Ziba madirisha kwa mapazia mazito mara mbili. Mwanga kidogo tu ukiingia, weusi kwenye skrini unageuka kijivu, na filamu ya kutisha bila weusi ni watu wanaotembea polepole ndani ya nyumba.

Projekta ya lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga inaotoa) inatosha picha ya upana wa mita 2.5. Usitamani kubwa zaidi: picha ikipanuka, mwanga unapungua. Cheza tukio lenye giza kuliko yote, nenda kasimame kiti cha nyuma. Kama huoni ukingo wa mlango ambao wewe unajua upo, mgeni hataona chochote. Rekebisha projekta mpaka uuone, halafu usiiguse tena.

Sauti ndiyo inayoharibu majaribio mengi kuliko picha. Tumia spika mbili za inchi 10 au 12 juu ya stendi, kandokando ya skrini, zikiwa usawa wa masikio ya waliokaa. Waya, si Bluetooth: Bluetooth inaweza kuchelewesha sauti kama robo sekunde, na mshtuko unaochelewa robo sekunde unageuka kichekesho. Ukisikia mvumo usiokatika, chomoa chaja ya kompyuta utumie betri. Mara nyingi unaisha hapo hapo. Weka kiwango cha sauti kwa mnong'ono mdogo kuliko yote usikike kiti cha nyuma, kisha cheza mshtuko mkubwa kuliko yote. Spika zikikwaruza, shusha mpaka ziache, kisha sogeza viti vya nyuma mbele.

Stima ikipotea, projekta ya taa ya kawaida inahitaji dakika kadhaa kupoa kabla haijawaka tena. Hofu iliyojengwa kwa saa nzima haingoji. Ikitokea baada ya nusu ya filamu, funga onyesho, uliza tu kuhusu walichokiona, na filamu yote ijaribiwe na kundi lingine tangu mwanzo.

Kutazama wanaotazama

Simu haipigi picha ya uso gizani. Kamera ndogo ya ulinzi yenye taa za infraredi, mwanga ambao jicho halioni, inapiga, na haigharimu sana. Chagua ya nanomita 940 (urefu wa wimbi la mwanga wake). Ile ya 850 hutoa wekundu hafifu ambao watu wa mbele watauona na kuanza kuuchungulia. Iweke chini ya skrini ikielekea viti, na kinasa sauti kando yake kinase filamu na watu kwa pamoja. Weka mlio mmoja mfupi kwenye fremu ya kwanza, yaani picha ya kwanza kabisa ya filamu, ili baadaye uoanishe nyuso na dakika ya filamu. Kwa kuwa unarekodi nyuso, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu: kila mtu atie saini kwamba amekubali, na karatasi iseme rekodi ni ya nini, nani ataiona na itafutwa lini.

Pamoja na kamera, weka wasajili wawili, kila mmoja akiangalia watu sita hadi wanane. Wawe na saa iliyowashwa pamoja na filamu na karatasi yenye mstari kwa kila sekunde 30. Alama chache zinatosha: K ni kicheko, Z kujiziba macho au masikio, N kunong'ona, S kutazama simu au saa, T kutoka. Mwelekezi asikae humo ndani. Watu wakijua mwenye filamu yumo, nyuso zao zinajipanga.

Kicheko ndicho kinachohitaji sikio zuri. Watazamaji wa Nairobi hawakai kimya mbele ya filamu ya kutisha, watamwambia mhusika "usifungue!" na watacheka. Usiogope hilo. Kicheko cha kupumua huja sekunde moja au mbili baada ya mshtuko, kwa wote pamoja, na hukatika ghafla. Mabega yanashuka, mtu anamgusa jirani yake. Hicho ni sifa. Kicheko cha dharau kinaanza kwa mtu mmoja, kabla ya mshtuko au katikati yake, kinaenea polepole, na kinafuatwa na maneno: "Huyu naye!" Kikishatokea, kwa dakika tano zinazofuata hakuna atakayeogopa, hata ukiwaonyesha kitu kizuri kiasi gani. Rudi kwenye rekodi utafute fremu iliyokianzisha.

Chukua mfano wa tukio la jikoni. Mama anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria, mtoto amekaa juu ya jerikeni akihesabu hatua za baba ngazini, na mlango wa stoo nyuma yao unafunguka taratibu. Rekodi inaonyesha watu wameganda muda wote wa kuhesabu hatua. Kisha kitu kinatoka stoo, kinyago chake kinaonekana sekunde tatu, na mtu wa safu ya pili anacheka. Mwili umekuambia kila kitu: hatua za baba zinatisha, mpira wa kinyago unaonekana. Kwenye filamu ya fremu 25 kwa sekunde, acha kinyago fremu 12 tu, karibu nusu sekunde, halafu rudi kwenye mkono wa mama ulioacha kukwangua. Haigharimu hata shilingi.

Kutoka nje nako kusisomwe haraka. Filamu ya Marekani ya Paranormal Activity, iliyopigwa ndani ya nyumba ya mwelekezi wake kwa takriban dola 15,000, iliwahi kujaribiwa watu wakatoka, wenye filamu wakadhani imeanguka. Kumbe waliotoka walishindwa kuvumilia hofu. Ndiyo maana yule wa mlangoni aulize kwa upole swali moja tu, "umetoka kwa sababu gani?", na aandike jibu neno kwa neno. Aliyeumizwa na kinachoonyeshwa, aliyechoka na anayewahi kazini wote wana alama T, lakini ni habari tatu tofauti.

Fomu kabla ya mazungumzo

Taa zikiwaka, gawa fomu ya ukurasa mmoja kabla mtu hajafungua mdomo. Mazungumzo yakitangulia, mwenye sauti kubwa ataandikia wote. Waambie waandike Kiswahili, Kiingereza au Sheng, vyovyote.

1. Mweleze rafiki filamu hii kwa sentensi mbili.
2. Katika familia hii nani ulimwamini, na nani hukumwamini?
3. Uliogopa zaidi wapi? Ulichoka wapi?
4. Ni kitu gani hukukielewa?
5. Ungemwambia rafiki aitazame? (Hakika ndiyo, huenda, sijui, huenda hapana, hakika hapana)

Katika swali la tano hesabu "hakika ndiyo" pekee. "Huenda" ni adabu. Hata hivyo alama ya chini peke yake isikuvunje moyo. Filamu ya Hereditary ya mwaka 2018, nayo ya familia yenye msiba, ilipewa D+, alama ya chini, na watazamaji waliohojiwa na CinemaScore, kampuni ya Marekani inayokusanya maoni ya watazamaji, ilhali wahakiki waliisifu sana. Katika filamu za kutisha, alama hupima pia kama mtu alipata alichoahidiwa. Kwa hiyo linganisha jibu la kwanza na bango lako. Wengi wakiandika "ni kuhusu mama anayeficha jambo" na bango linaonyesha jini lenye meno, utauza kitu kimoja na kutoa kingine.

Mazungumzo yasizidi dakika 25 na yaongozwe na mtu asiye wa filamu. Aanze na "wapi", si "kwa nini". Asijibu swali lolote la watazamaji. Mtu akiuliza "yule bibi alikuwa amekufa tayari?", jibu sahihi ni "wewe ulidhani vipi?"

Wanachosema na kinachowauma

"Kwa nini hawahami?" ndilo swali utakalolisikia zaidi hapa mjini, na "kwa nini hawaiti pasta?" ni la pili. Usiyachukulie kama ubishi. Wanakuambia hujafunga milango ya familia hiyo. Sentensi moja inatosha: deposit ya nyumba haitarudishwa, au nyumba ni ya marehemu babu na atakayehama kwanza amepoteza urithi. Pasta naye aje mapema, aombe, aondoke, na usiku huo mambo yazidi. Hizo sentensi unaweza kuzirekodi baadaye na kuziweka mahali mhusika amegeuza mgongo. Mwigizaji akisimama mbele ya kabati lililojaa nguo, simu nzuri inanasa sauti safi.

"Mbona majirani hawasikii?" ni swali la haki kabisa kama nyumba ni ya ghorofa. Ukilipuuza, ghorofa zima linakuwa uongo. Ukilijibu, umepata hofu ya bure: redio ya jirani ikiongezwa sauti kila baba anapoanza kupiga inatisha kuliko jini lolote, kwa sababu kila mtu chumbani humo anaijua hiyo redio.

"Ni ndefu" karibu kila mara humaanisha matukio mawili yanafanya kazi moja. Tafuta ugomvi wa tatu wa wazazi ambao hauongezi siri mpya, uutoe wote badala ya kukata sekunde huku na kule. "Sikuelewa mwisho" huanzia katikati: kuna habari iliyosemwa wakati muziki umepanda. Angalia alama za N na S dakika zile.

Katika kundi la 12, watatu wakisumbuka ndani ya dakika ileile, kaitazame. Sita, irekebishe. Mmoja, iandike na uiache. Ila mmoja huyo akisema "kwetu baba hakuwa anapiga kelele, alikuwa anakaa kimya", msikilize hata kama wengine 11 hawakugundua chochote, kisha mwonyeshe mwigizaji wa baba maneno hayo kabla ya siku ya kurudia kupiga picha.

Nakala iliyorekebishwa ijaribiwe na watu wapya kabisa, maana aliyekwisha kushtuka hawezi kukuambia kama mshtuko unafanya kazi. Badilisha mambo machache kwa mara moja, ili alama zikibadilika ujue ni lipi lililozibadilisha. Tarehe uliyoandika kwenye karatasi ya idhini ikifika, futa rekodi zote kwenye kamera, kwenye kinasa na kwenye kompyuta, ubaki na karatasi za dakika.