Namna ya Kupanga Vipaumbele vya Reli ya Abiria Mwanza

Kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, wapangaji waanze kwa kuwahesabu wasafiri katika stendi ya Nyegezi na bandari ya Mwanza Kaskazini, wakimuuliza kila mmoja anakokwenda na nauli anayoimudu. Kisha wapime gharama ya kuitunza reli ya zamani, iliyofika Mwanza mwaka 1928, sambamba na fedha za kipande kipya cha Mwanza hadi Isaka chenye kilomita 341, njia za kupishana zikiwemo, kwa sababu tuta la reli lisilokarabatiwa hudai fedha nyingi zaidi likishabomolewa na mvua. Binafsi ningetanguliza stesheni iliyo karibu na meli na daladala. Mama mwenye magunia ya dagaa hawezi kubadili usafiri mara tatu. Mradi usiotengewa fedha za matengenezo usubiri.