Pima jua kabla ya kupima dirisha: mapazia ya nyumba za zamani huku nyanda za juu

Sebule ya mama mkwe wangu, Gangilonga hapa Iringa mjini, ina madirisha matatu ya chuma. Mawili yanatazama magharibi, moja kaskazini. Nyumba ni ya miaka ya 1950: kuta nene, dari iko juu, vioo vimeshikiliwa na pati iliyokwisha kuwa ngumu kama jiwe. Oktoba ikifika, kuanzia saa 9 alasiri hakuna anayekaa kwenye kochi la upande wa magharibi. Julai ikifika, chumba hichohicho kinageuka jokofu. Mwaka 2011 nilimshonea mapazia ya mahameli, rangi ya damu ya mzee, mazito na mazuri kwelikweli, bila bitana, yaani kitambaa cha pili cha nyuma. Baada ya viangazi viwili yalikuwa na michirizi: penye mgongo wa rinda rangi imepauka, penye bonde bado imekoza. Nilipoyafua, mawili yakachanikia mkononi mwangu kama karatasi iliyolowa.

Mama hakunigombeza. Alishika kipande kimoja akaniuliza, "Mwanangu, na jua nalo ulilipima?"

Nilikuwa nimepima upana, nimepima urefu, nimehesabu marinda. Jua sikulipima. Tangu siku ile mteja akija kibandani kwangu na picha ya pazia kwenye simu, namuuliza kwanza dirisha lake linatazama wapi. Kama hajui, namwomba arudi nyumbani akaangalie ndipo tuzungumze kitambaa.

Kuangalia kwenyewe si kazi kubwa. Chukua chaki. Saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni, weka alama sakafuni pale mwanga wa jua unapokomea, na uandike mwezi. Ukiweza, rudia baada ya miezi mitatu. Utakuta alama zimehama. Iringa tuko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na Mbeya ni karibu nyuzi 9, kwa hiyo jua linapita juu kabisa ya paa zetu mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Mwezi Juni liko kaskazini, na hata likifika kilele chake mchana halisimami utosini, linabaki limeinama upande huo. Desemba linahamia kusini, lakini hapo tuko ndani ya mvua na mawingu yanatusaidia.

Mtu wa Dar es Salaam akinunua pazia anatafuta kivuli na upepo, basi. Sisi tunatafuta kivuli Oktoba na Novemba, kisha Juni na Julai tunalitafuta jua lenyewe. Pazia moja linatakiwa kufanya kazi zote mbili, na ndiyo maana mapazia mengi yanayopendeza kwenye picha za simu yanashindwa huku kwetu.

Dirisha la kaskazini kwa mtu wa nyanda za juu ni jiko la bure. Usilizibe. Liwekee pazia jepesi linalopitisha mwanga, na zito la kuvuta usiku tu, na zito hilo liweze kusogea lote hadi ukutani asubuhi bila kubakia hata shubiri moja juu ya kioo. La mashariki linakupa jua la asubuhi, ambalo Julai ni neema. Mwenye kulala mchana baada ya zamu ya usiku ndiye atakayehitaji kitambaa kizito hapo. La kusini halina vita na jua, lina vita na baridi tu. Vita kubwa iko magharibi, kwa sababu jua la jioni linakuja chini, linapita chini ya paa na kuingia hadi ukuta wa pili, tena wakati nyumba imeshashiba joto la siku nzima.

Kwa dirisha la magharibi nasema jambo ambalo fundi wa mapazia pengine hapaswi kulisema: anza nje. Joto likishavuka kioo limeshaingia ndani. Pazia litalizuia lisikufikie usoni, litalinda kochi na kabati, lakini sehemu kubwa ya joto hilo itabaki chumbani. Kitu kinachokinga jua kabla halijagusa kioo kinasaidia zaidi. Kwa mama tulitundika mkeka wa mianzi iliyopasuliwa, wa kukunjwa kwa kamba, kwenye ncha ya paa. Nasema kwenye ncha ya paa kwa sababu madirisha haya ya chuma ya zamani yanafunguka kwa nje. Ukiuweka mkeka ukutani, dirisha litakwama. Fungua ubawa wote, pima unafika wapi, ndipo uchague mahali pa kutundika. Chini ufungwe kamba mbili, maana upepo wa Agosti hauna huruma. Ikifika Mei tunaukunja juu ili jua liingie.

Ndani sasa. Kwa sababu ya ubaridi wa hewa watu hawadhani, lakini jua la huku linababua sana. Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya karibu 1,700, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyembamba na miale ya urujuanimno inavyopungukiwa kizuizi. Miale hiyo ndiyo inayokula rangi na kuozesha nyuzi. Hariri hufa haraka kuliko vyote, usiiweke dirishani magharibi hata kama umepewa zawadi. Pamba inadumu kiasi. Polista ndiyo inayovumilia jua kwa muda mrefu, ingawa haina ule mwanguko mzuri wa pamba. Mimi hushona sana vitambaa vya mchanganyiko. Kwa rangi, zinazokoza kama nyekundu, zambarau na buluu ya wino huonyesha mpauko mapema. Rangi ya maziwa, ya mchanga, ya majani makavu hupauka pia lakini jicho halishtuki. Kuna faida nyingine: vumbi jekundu la kiangazi halionekani sana kwenye rangi ya mchanga.

Dukani usichague chini ya taa. Omba kitambaa ukitoe nje, kiinue kwenye jua, weka mkono wako nyuma yake. Ukiviona vidole vyote vizuri, hilo ni pazia jepesi hata kama muuzaji anakuambia ni zito. Kisha lowesha pembe ya leso nyeupe, sugua kwenye kona ya jora. Rangi ikitoka kwenye leso, itatoka pia kwenye beseni lako, na utalia siku ya kwanza ya kufua.

Halafu bitana. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya bitana. Watu wanaikataa kwa sababu haionekani na inaongeza gharama, lakini bitana ndiyo inayopigwa na jua badala ya kitambaa ulichokipenda. Iwe nyeupe au rangi ya maziwa, itazame nje, irudishe mwanga. Usiku wa Julai, hewa inayokaa kati ya bitana na pazia inapunguza baridi inayotoka kwenye kioo, na ukilala karibu na dirisha utaisikia tofauti. Mimi bitana siishoni pamoja na pazia pande zote. Naifunga juu tu na pembeni kwa vishikizo vichache, chini naiacha huru na fupi kuliko pazia kwa sentimita 3. Sababu mbili: vitambaa viwili havirudi sawasawa vikifuliwa, na bitana ikichoka baada ya miaka kadhaa naifumua nabadilisha, pazia linabaki.

Tukija kwenye dirisha lenyewe la nyumba ya zamani, kuna mitego. Wa kwanza ni wavu wa mbu. Nyumba nyingi za aina hii zina wavu kwenye fremu ya mbao unaofunguka kwa ndani ili mkono ufikie komeo. Ukifunga bomba la pazia karibu na ukuta, wavu utagonga pazia kila jioni hadi litoboke. Breketi zitoke ukutani sentimita 12 au zaidi. Zisipopatikana ndefu kiasi hicho, fundi wa kuchomelea anaweza kuzitengeneza. Mtego wa pili ni ukuta. Juu ya dirisha kuna linta ya zege inayokula kekee, na pembeni kuna lipu ya chokaa inayobomoka kama biskuti. Fundi akianza kugonga misumari ya zege hapo, mzuie. Tafuta mbao kavu ya inchi 1 kwa 4, za Mafinga zinatosha kabisa, iwe ndefu kuvuka dirisha na kuzidi kila upande. Ifunge kwa skrubu na plagi sehemu nne au tano ambazo ukuta umekubali, ipake rangi ya ukuta, kisha breketi zote zifungwe kwenye mbao. Uzito unagawanyika na ukuta unabaki mzima.

Na kama nyumba yako bado ina lile sanduku la mbao juu ya dirisha linaloficha bomba, tafadhali usiling'oe. Vijana wanaona ni ushamba. Lile sanduku linaziba mwanga wa juu ambao hakuna pazia linaloweza kuuziba, na usiku linazuia hewa ya chumba isizunguke nyuma ya pazia na kupozwa na kioo. La mama lilikuwa la mninga, limefunikwa na rangi nyeupe mara sijui ngapi. Tuliliparua, tukalipaka vanishi, na sasa wageni wanalisifia kabla ya pazia langu.

Vipimo. Tuseme dirisha lina upana wa sentimita 150. Bomba liwe sentimita 210, yaani 30 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kioo chote kibaki wazi. Kwa kitambaa kizito zidisha urefu wa bomba mara 2, kwa chepesi mara 2 na nusu. Kwa hiyo zito linataka mita 4.2 za upana. Ukipata kitambaa cha upana wa sentimita 280, unakigeuza ubavu: nunua mita 4.5, pindo za pembeni zimo, na ule upana wake ndio unakuwa urefu wa pazia. Ukipata cha sentimita 140, unahitaji vipande vitatu, kimoja kikatwe katikati ili kila upande upate kimoja na nusu. Kutoka kwenye bomba hadi chini ikiwa sentimita 230, ongeza 30 za pindo, zidisha mara tatu: mita 7.8, nunua 8. Kama kina maua makubwa, ongeza kwa kila kipande kimo cha ua moja ili maua yakutane kwenye mshono. Ukitumia pete za chuma zinazobanwa kwenye matundu ya kitambaa chenyewe, idadi yake kwenye kila pazia igawanyike kwa mbili, la sivyo ukingo mmoja utatazama chumbani na mwingine ukutani.

Mtumba usiudharau. Kwenye marobota hutoka mapazia mazito yenye bitana tayari, na pindoni yameshonewa vyuma vidogo vya kuyavuta chini. Yafungue yote sokoni, uangalie migongo ya marinda kwenye mwanga. Penye mstari uliopauka, vuta kidogo kwa vidole viwili. Likilia kama linachanika, liache. Mengi ni mafupi kwa dari zetu za zamani, lakini kuongeza mkanda wa rangi nyingine chini, wa sentimita 30, kunapendeza.

Asubuhi za Juni na Julai vioo hivi vinatoka jasho na fremu za chuma zinashika kutu. Pazia likigusa kioo litaota kuvu, likigusa fremu litapata alama za hudhurungi; kwa nyeupe, maji ya ndimu na chumvi, ukianika juani, huziondoa. Nafasi ya zile breketi ndefu ndiyo kinga. Ndugu zangu wa Njombe na Makete mnalijua hili kuliko mimi.

Kabla ya kukata, loweka na ukaushe kitambaa cha pamba, kwa sababu kitarudi. Na pindo la chini usilimalizie mezani. Lishikize kwa pini, tundika pazia wiki nzima, uzito ulivute. Sakafu ya sebule ya mama imeinama, upande wa mlango uko chini kwa sentimita 2 kuliko upande wa pili, na sikuligundua hilo hadi siku ya saba, nilipopiga magoti na futi yangu na kukuta pazia la kushoto linaelea. Nilipinda kila upande kwa kipimo chake.