Hedhi ikikatika ufanyeje: nida (hali ya kutengana na mume kwa sababu ya hedhi), siku saba safi na mikve

Dada zangu Wayahudi, hasa ninyi mlioolewa juzijuzi, watu wanadhani kazi kubwa ni kule mikve, bwawa letu la kuzamia ili kujitakasa, kumbe kazi kubwa ni zile dakika chache kabla jua halijazama siku damu inapokatika. Ukizikosa umejiongezea siku nzima, basi.

Anza hivi. Sisi Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, tunasubiri angalau siku 5 tangu damu ilipotoka, na siku ya kwanza inahesabiwa hata kama imetoka jioni muda mfupi kabla ya magharibi. Wasefaradi, wale wenye asili ya Hispania na nchi za Kiarabu, wengi wanasubiri 4, fuata desturi ya nyumba yako. Damu ikishakatika, oga alasiri, halafu kabla jua halijazama fanya hefsek tahara, yaani ukaguzi wa kuthibitisha kwamba damu imekatika: kitambaa kidogo cheupe cha pamba, laini, kisicho na alama, unakiingiza ndani taratibu na kukizungusha pande zote, kisha unakiangalia kwenye mwanga wa mchana. Cheupe au njano kidogo kwa kawaida haina shida, chekundu au cheusi bado. Kama ni kahawia usijihukumu mwenyewe jamani! Kiache kikauke, kitie kwenye bahasha, andika siku na saa, mpelekee rabi. Wameshaona vitambaa vingi mno, hakuna cha kuona aibu. Ukiona aibu bado, kuna wanawake waliosomea haya mambo, wanaitwa yoatzot, waulize wao.

Sasa kuhesabu zile siku saba safi, yaani zisizo na damu. Sisi tuliokulia pwani tuna bahati, maana kwetu toka zamani usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, siku inaanza jua likizama, na huku ni vilevile. Kwa hiyo ukifanya hefsek Jumapili jioni, siku ya kwanza ni Jumatatu, ya saba ni Jumapili inayofuata, na nyota zikitoka Jumapili hiyo unaenda mikve. Siku zote hizo 7 vaa chupi nyeupe, tandika shuka nyeupe, jikague asubuhi na kabla ya magharibi. Ukisahau moja ya katikati usikate tamaa, ila siku ya kwanza na ya saba usizichezee. Damu ikirudi katikati, hesabu inaanza upya kwa hefsek nyingine, lakini zile 5 za mwanzo hazirudiwi. Jirani zetu Waislamu damu ikikatika wanakoga josho yamekwisha, sisi hapana, wanawake wa Israeli walijiwekea wenyewe zamani kwamba hata tone kama punje ya haradali lina siku 7 safi juu yake.

Na mpaka uzamie, wewe na mume vitanda mbalimbali, hamgusani, hata kupeana kikombe mkono kwa mkono hapana, kiweke mezani achukue.

Siku ya mikve usikimbizane na saa. Oga kwa utulivu kama saa nzima, chana nywele zikiwa na maji, kata kucha, toa rangi, hereni, lenzi za macho, plasta, piga mswaki na utoe vilivyonasa kwenye meno. Wenye rasta au wivingi hapa ndipo penyewe, kitu chochote kinachozuia maji yasifike mwilini ni tatizo, kwa hiyo panga na msusi wako ufumue kabla, au muulize rabi kabla hujasuka, siyo usiku ule umesimama mlangoni na taulo. Ndani ya maji jilegeze, pinda magoti kidogo, macho na midomo usiibane, nywele zote zizame. Mama msimamizi anaangalia, akisema “kosher”, yaani imefaa, umepata, soma baraka (Wasefaradi wengi wanaisoma kabla), zamia tena.

Usiku wa Yom Kipuri (siku ya toba) na Tisha Beavu (siku ya kuomboleza Hekalu) hakuna kuzamia. Kama mahali ulipo hapana mikve, bahari inafaa, nenda na mwanamke Myahudi anayejua, maji yakiwa yametulia, usiende peke yako hata kidogo. Mto usiingie kabla ya kuuliza, kwa sababu maji ya mvua yaliyochanganyika humo yanaweza kuufanya usifae.

Hedhi inayofuata ikija andika kwenye kalenda tarehe yake na kama ilikuwa mchana au usiku, maana siku ya 30 kuanzia tarehe hiyo mnatengana hata kama damu bado haijaonekana.