Msafara wa magari ya kale: siku hupangwa na gari goigoi

Watu wakipanga msafara wa siku nne tano wa magari ya kale, huanza na ramani wakatafuta barabara yenye mandhari. Mimi huanza na orodha ya magari, nikiuliza lipi kati yake ni goigoi kuliko yote. Huyo ndiye bosi wa safari. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ina nguvu za farasi 20 tu, na hata ikikamuliwa kwenye tambarare haipiti sana kilomita 70 kwa saa. Iunganishe na gari la 1965 bila mpango, saa sita mchana mmoja atakuwa amechemsha rejeta na mwenzake amenuna.

Kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, kilomita 150 kwa siku ndiyo raha, 200 ndiyo kikomo. Piga hesabu kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, kwani kusimama kutakuwa kwingi. Siku ya katikati iwe ya nusu mwendo, ili watu wapate kufungua boneti bila presha.

Njia uipitie mwenyewe kabla, tena kwa gari la kawaida, ila uitazame kwa jicho la gari kuukuu. Chukua huyo huyo Model T: tangi liko chini ya kiti na pampu hana, petroli hushuka kwa uzito wake mpaka kwenye kabureta. Mlima ukiwa mkali na mafuta machache, tangi huwa chini ya kabureta na injini huzima. Ndiyo maana wenyewe huupanda kinyumenyume. Mpita njia atacheka, lakini wewe kwenye ramani weka alama mahali penye upana wa kugeuzia gari.

Mteremko unanitia wasiwasi zaidi. Magari mengi ya mwanzo yana breki za nyuma tu, na breki za ngoma zikishapata moto, pedali unaikanyaga na gari linaendelea na safari zake. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia mlima huo, na uianze juu kabisa, si katikati. Chini kuwe na kituo. Hapo kila dereva asogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. La kulia na la kushoto yakitofautiana joto, breki ya moja imeng'ang'ania au ya jingine haishiki.

Petroli nayo ina mambo yake. Washindani wa mbio za magari waliotoka Peking (Beijing) kwenda Paris mwaka 1907 walitangulizia mafuta njiani kwa ngamia. Sisi vituo tunavyo, lakini petroli ya leo mara nyingi ina ethanoli, na ethanoli huila mipira ya zamani. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe kabla ya safari. Jua likiwaka, petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba na pampu ikabaki inasukuma hewa. Usipige stata hadi betri ya volti 6 ife. Zima, fungua boneti, funika pampu na bomba kwa kitambaa kilicholowa maji, usubiri.

Kwa anayewasha injini kwa kuizungusha na hendeli, kila asubuhi narudia maneno yale yale: gia huru, breki ya mkono juu, moto wa plagi ucheleweshwe, dole gumba lilale upande mmoja na vidole vingine, na uvute kutoka chini kwenda juu. Usisukume chini kamwe. Injini ikipiga kinyume, hendeli itachomoka kiganjani badala ya kukuvunja mkono.

Barabarani msiandamane kama treni. Magari matatu matatu, na nafasi ya kutosha ya malori kupita. Sheria yetu ya njia panda ni moja: unamwangalia aliye nyuma yako. Huondoki kwenye kona mpaka akuone unakata. Akikosekana, unasimama, na wa mbele yako naye atasimama kwa ajili yako. Kwa njia hiyo msafara mzima hujikusanya wenyewe bila mtu kupiga simu, na wala simu haisikiki kwenye kelele za injini zile.

Gari la mwisho liwe la fundi, na mimi hukaa humo. Tunabeba kamba ya kuvutia, maji, kizima moto, jeki mbili, waya, viraka na klipu za mipira. Fenibelti, tyubu, plagi, na pointi na kondensa (vidude vya mfumo wa moto wa plagi) kila mtu aje na zake, kwani vipimo havilingani. Kondensa hasa: ni kidude kidogo, hufa bila kuaga, na injini hubaki kukohoa tu.

Jioni, kabla ya mtu kwenda kuoga, kila gari liwekewe kipande cha boksi chini. Asubuhi tunakisoma kabla ya kupima oili. Tone jeusi chini ya injini ni kawaida ya wazee hawa, ongeza oili muondoke. Maji chini ya rejeta, au unyevu upande wa ndani wa gurudumu, hilo gari halitoki mpaka fundi aseme.